Aliyetupima Miguu

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Hapa Lushoto hakuna aliyekuwa na haja ya kujua hayo, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akituambia sisi tukoje. Tulimwita Fundi, basi. Mimi pia ni fundi, wa cherehani, na kwa miaka kumi na minane nilikaa kibarazani nikishona nyuma ya soko, yeye akiwa upande wa pili wa njia na baiskeli zake za mtumba. Kati yetu palikuwa na mfereji na hatua kama sita. Hakuna mtu aliyetukanwa pale ambaye mimi sikumsikia akitukanwa.

Nianze na ukweli: sikumpenda. Wengi watakwambia alikuwa na ulimi mkali lakini moyo safi. Huo moyo mimi sikuuona. Nilichokiona ni mtu mwenye macho ya kupima, aliyejua jambo moja kuliko sisi sote, na akalitumia kutuumbua. Tena alijua jambo juu yangu mimi, ubaya niliomfanyia mdogo wangu wa kike, na kwa miaka tisa nilimwomba Mungu asilitamke. Nitalieleza. Nipeni nafasi kwanza nimseme yeye, maana kumsema yeye ni rahisi zaidi.

Aliuza baiskeli, aliziba pancha, alinyoosha rimu. Lakini watu walikuja kutoka hata Mponde na Mlalo kwa sababu ya fremu. Alisema tairi utabadilisha, cheni utabadilisha, siti utabadilisha, ila fremu isiyo yako utaishi nayo kama mke anavyoishi na mume asiyempenda. Hakutania. Huku kwetu hakuna tambarare. Ukipanda unashuka na kusukuma, na ukiteremka lazima mguu uwe tayari kugusa chini wakati wowote, kwa sababu kwenye kona kuna lori la kabichi limesimama, au mbuzi, au bodaboda mwenye haraka zake, na ukungu umefunika vyote hivyo. Mguu usipofika chini, mwili mzima utafika.

Mwanaume akija kununua, Fundi alimvua viatu, akamsimamisha wima kwenye nguzo ya banda, akampitishia ubao mwembamba katikati ya miguu na kuupandisha. "Mpaka uguse mfupa," alikuwa akisema, "si mpaka uone haya." Kisha aliteremsha kamba kutoka kwenye ubao hadi ardhini, akafunga fundo. Kamba hiyo aliikunja mara tatu sawasawa, akakata theluthi moja na kuitupa. Theluthi mbili zilizobaki alizilaza kwenye bomba la siti, kuanzia pale pedeli zinapozungukia kwenda juu. Bomba likilingana na kamba, fremu ni yako. Likizidi, si yako, hata kama umeipenda rangi.

Wanawake hawakupimwa pale. Walutheri, Wakatoliki, Waislamu, hapo sote tulikuwa dini moja: mwanamke hapandishiwi ubao mbele ya soko. Ikawa desturi mwanamke ajipime nyumbani, miguu peku, mgongo ukutani, kitabu kigumu kikibanwa juu kabisa ya mapaja, na mwenzake akishika kamba. Kamba ikifungwa fundo alimpelekea Fundi, imeviringishwa kwenye leso kama dawa. Mchungaji mmoja alivuka soko zima kuja kulalamika.

"Fundi, nasikia vitabu vya nyimbo vinawekwa mahali pasipofaa."

"Mimi sikutaja nyimbo, Mchungaji. Nilisema kitabu chenye jalada gumu. Kama waumini wako hawana kingine nyumbani, hilo ni lako."

Na wanawake tulidanganya. Jirani ana baiskeli kubwa, kwa nini mimi niwe na ndogo? Baiskeli kubwa inabeba viazi vingi, inaonekana barabarani, inasema nyumba hii ina watu. Basi wengine walijipima wakiwa wamevaa mabuti ya shambani, wengine waliongeza vidole viwili wakati wa kufunga fundo. Fundi aliinyoosha kamba, akamtazama mwenye kamba mara moja tu kutoka kiunoni hadi chini, kisha akasema kwa sauti ya kufika kwa wauza karoti, "Kamba hii imevaa viatu." Akaikata kwa jicho tu. Waliorudi nyumbani kwa hasira kujipima upya walikuta amekata palepale panapotakiwa.

Ofisa mmoja kutoka Tanga, mfupi kama mimi, alikataa fremu ya inchi ishirini. Alitaka ile kubwa nyeusi. Fundi alimwita mama muuza ndizi aje ashuhudie. "Mama, mwangalie ofisa. Cheo kimemwongezea mshahara. Mguu kimeuongezea kiasi gani?" Yule bwana aliondoka, na tangu siku hiyo alikuwa akizunguka kwa nyuma kwenda ofisini ili asipite pale.

Hata msibani hakunyamaza. Alikuwa wa kwanza kushika jembe kila alipokufa mtu, hilo sitamnyima. Lakini siku tulipomzika mwalimu mkuu mstaafu, mtu mrefu sana, Fundi alisimama ukingoni mwa kaburi akasema, "Mmemchimbia ishirini. Huyu ni ishirini na nne." Watoto wa marehemu wakamwambia aheshimu. Alijifuta mikono akakaa pembeni. Jeneza likashushwa, likakwama. Ikabidi lipandishwe, kwaya iimbe tena wimbo uleule, mjane asimame na shada mkononi wakati vijana wanachimba upande wa miguu. Fundi alikuwa anaimba besi. Hakukosa hata noti.

Na kuna lile la baba wa Rangwi. Binti yake alikuwa amefaulu kwenda sekondari, na baba alitaka amnunulie baiskeli atakayokua nayo. Fundi alimweleza mara moja. Baba akasisitiza. Basi Fundi akamketisha yule binti juu ya ile kubwa, akamsukuma polepole hadi katikati ya njia, akamwachia. Binti alikwenda kama hatua nne, akataka kusimama, akatafuta ardhi kwa mguu akaikosa. Magoti yote mawili yalichunika. "Umeona?" Fundi alimwambia baba. "Sasa chagua." Nilimletea mtoto maji ya kunawa damu na nikamwita Fundi shetani mbele yake. Baba alichagua ndogo. Baada ya mwaka mmoja na nusu walirudi, binti amerefuka, baba amejiandaa kugomba. Fundi hakubisha. Alichukua ile ndogo, akampa inayomtosha, akamwambia mtoto, "Umekua vizuri," na akarudi kwenye pancha yake.

Mtu huyuhuyu hakuna aliyewahi kumwona juu ya baiskeli. Alizisukuma tu. Ukimuuliza alijibu kinyozi hajinyoi. Mtu huyuhuyu alivaa viatu vinavyombana, maana aliamini ana mguu mdogo, na Jumapili alikwenda kanisani akichechemea. Wateja aliwatukana kwa Kiswahili. Kishambaa alikiweka kwa mke wake, mama mmoja mfupi mnene aliyekuja saa saba na chakula, na akikizungumza sauti ilishuka hadi ungedhani anaomba kazi.

Mimi na yeye tuligombana kwa sababu ya ufundi. Kwetu hakuna mzazi anayemshonea mtoto sketi ya leo. Anataka ya mwaka kesho na mwaka kesho kutwa. Sweta la shule Januari linafika magotini, na linapomwenea mtoto, viwiko vimeshatoboka. Kwa hiyo mimi hukata ndefu, nikaacha pindo la vidole vinne, na kila mwaka naifumua kidogo. Fundi alikuwa akinitazama nikikata na kunipigia kelele toka ng'ambo ya mfereji: "Wewe sketi unaipinda, fundi nguo. Fremu utaipinda wapi?" Nilimwona mjinga. Niliamini chochote kikubwa kinaweza kupunguzwa baadaye.

Sasa nilieleze.

Mdogo wangu alikuwa mhudumu wa afya wa jamii, vijiji vya upande wa Vuga. Alipima watoto uzito, aliwatembelea wajawazito, alijua nyumba gani ina mgonjwa anayefichwa. Aliipenda kazi ile kuliko nilivyowahi kuona mtu akipenda kazi. Alitembea kwa miguu, na eneo lilipoongezwa akaambiwa asipoweza kulimaliza atapewa mwingine. Nikamwahidi baiskeli. Alijipima usiku uleule, akanipa kamba yake kwenye leso. Ilikuwa kamba fupi. Tumerithi miguu ya mama.

Mume wangu ni mwalimu, mtu wa Tanga, mrefu. Aliposikia akasema, "Kama ni kununua, tununue ya nyumba. Na mimi niiendeshe." Sikuona kosa. Kwetu vitu hununuliwa vya nyumba: redio ya nyumba, mwavuli wa nyumba, baiskeli ya nyumba. Asubuhi nilikuwa na suruali yake juu ya meza ya cherehani, namrekebishia zipu. Fundi nguo hahitaji kitabu wala ukuta. Nilinyoosha mshono wa ndani wa mguu, nikaongeza vidole viwili vya kufika ardhini, nikakata kamba mpya, nikafunga fundo. Ile ya mdogo wangu niliitia kwenye moto wa jiko, chini ya sufuria ya chai. Nikavuka mfereji.

Fundi aliivuta kamba, akanitazama.

"Mwenye kamba hii ana ndevu."

Wauza karoti walicheka hadi mmoja akaangusha mizani. Uso ulinichoma.

"Ni ya mdogo wangu."

"Mdogo wako namjua, kila Jumatatu anapita hapa. Yule ni kumi na nane, tena akivaa soksi."

"Nimempima mwenyewe. Ni yake. Haki ya Mungu."

Aliacha kutabasamu. "Umeapa?"

"Nimeapa."

"Basi. Mwenye kuapa habishiwi. Mimi sisikilizi rufaa." Akaingia bandani akatoa moja ya bluu, ya ishirini na nne, bomba la juu limenyooka. "Lakini mwambie aje kuichukua mwenyewe."

Nilirudi kibarazani nikiwa na furaha, na nataka mjue hivyo. Nilifurahi kwamba kuna mtu mmoja sokoni aliyemshinda Fundi. Jioni mdogo wangu alikwenda kuichukua. Alikaa huko kidogo, akarudi akiisukuma, akaniambia, "Asante, dada. Ni nzuri."

Aliiendesha miezi mitatu. Ili asimame ilimbidi ailaze upande na kuruka. Akazoea. Kisha asubuhi moja kwenye mteremko wa kwenda Soni alikuta lori la kabichi limesimama konani. Breki zilishika. Baiskeli ilisimama kama inavyotakiwa. Mguu wake ulitafuta chini upande wa bondeni, ukakosa, akaanguka na fremu juu yake hadi kwenye mawe. Paja lilivunjika mara mbili na mfupa ukaunga vibaya. Mguu wa kulia ukawa mfupi kwa vidole vitatu. Kazi alipewa mwingine. Kulikuwa na watu wa Mlalo walioleta posa. Walituma mtu kusema wanaomba muda, na muda huo haujaisha hadi leo.

Watu wote walisema ajali. Mimi nilisema ajali kwa sauti kubwa kuliko wote. Mume wangu aliiendesha ile baiskeli mara nne, halafu akanunua pikipiki.

Siku mdogo wangu alipofika kibarazani kwangu na magongo kwa mara ya kwanza, wauza karoti walimpisha njia kwa huruma. Fundi akainua kichwa. "Binti! Wewe sasa unahitaji fremu mbili, moja kila mguu!"

Nilisimama na mkasi mkononi. Nilikuwa nakwenda, haki ya Mungu nilikuwa nakwenda. Mdogo wangu alicheka. Alicheka hadi akashika nguzo, akamjibu, "Na pedeli moja iwe ya ghorofa, Fundi!" Fundi naye akacheka, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Tangu hapo ikawa hivyo kila siku. Mdogo wangu alikaa kwangu akishona vifungo na mapindo, na wale wawili wakarushiana maneno juu ya mfereji, huyu kumwita mwenzake kipara, huyu kumwita kigoda kibovu. Mimi niliinamia cherehani. Kila Fundi alipofungua kinywa nilisubiri litakalofuata. Wakati mwingine alinigeukia mimi: "Fundi nguo, mapindo yanaendeleaje?" Nilijichoma sindano mara nyingi miaka ile. Nilimchukia kwa kulijua na kwa kutolisema, na bado nikawa naamka kila siku nikiomba asiliseme.

Mwaka huu kiharusi kilimshika. Banda likafungwa. Waliokwenda kumwona walirudi wakisema ulimi wake umelegea, anamwambia kila mtu mambo yake. Mzee wa kanisa alikwenda na ndizi akarudi analia. Alhamisi moja mdogo wangu akakata uzi kwa meno akasema, "Jumamosi nakwenda kumwona Fundi."

Ijumaa nilifunika cherehani mapema, nikatangulia.

Anakaa juu ya barabara ya Magamba, nyumba yenye miti ya plamu mbele. Mke wake alinipokea kwa "Onga mshi," salamu yetu ya mchana, akanipa kigoda, akaenda jikoni. Fundi alikuwa kwenye kiti, blanketi magotini, nusu ya uso imeshuka.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umekuja kunipima sanda? Usiache pindo. Mimi sikui tena."

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yalinitoka hovyo. Nikamwambia kesho mdogo wangu atakuja, na kwamba namwomba, kwa ajili ya ujirani wetu, lile jambo alinyamazie.

"Jambo gani?"

"Unalijua."

"Mimi mgonjwa. Nakumbushwa."

Alitaka niseme, na akanisubiri. Nikasema, kwa mara ya kwanza kwa kinywa changu: "Ile kamba haikuwa ya mdogo wangu. Ilikuwa ya mume wangu. Niliapa uongo."

Aliitikia kwa kichwa, kama mteja amemtajia namba.

"Unaogopa nitamwambia."

"Ndiyo, Fundi."

"Nilishamwambia."

Nilimuuliza lini. Nilidhani ni wiki hii, kwa ugonjwa.

"Siku aliyokuja kuichukua. Nilimpandisha, vidole havikugusa chini. Nikamwambia, dada yako ameniletea kamba ya mwanaume. Iache hapa. Nilikuwa na moja ya kijani, kumi na nane. Nikamwambia chukua hiyo, tumemaliza. Akaipanda." Alipumzika, akameza mate kwa shida. "Ilimkaa, fundi nguo. Nimepima watu wa milima hii yote, sijaona fremu imemkaa mtu vile."

"Kwa nini hakuichukua?"

"Alisema, dada ameapa mbele ya soko zima. Nikirudi na nyingine, watu watajua ameapa uongo. Akaniomba nisikuumbue. Akachukua yako."

Nikapata mtu wa kumlaumu, na nikamrukia. "Na wewe ukamwacha aende? Wewe uliyemwangusha mtoto wa watu ili baba yake aone? Kamba yangu ndiyo ukaiacha?"

"Ndiyo," alisema. "Aliniomba vizuri."

Jicho lake zima lilinitazama kutoka kiunoni hadi chini, na mimi nikavuta sketi yangu kufunika miguu. Mke wake alileta chai. Niliinywa yote nikaaga.

Nilimkuta mdogo wangu kibarazani, mguu mbovu ameunyoosha mbele, sweta la mtoto wa mtu mapajani.

"Umetoka kwa Fundi?"

"Ndiyo."

"Anaongea?"

"Anaongea."

Aliweka sindano chini. Hakuwa na haraka. "Kasema nini?"

Miaka tisa alikuwa amekaa hatua moja kutoka kwangu akijua, akiniitikia dada, akinipokea mkasi, akinichekea ili nisijisikie vibaya. Alikuwa amenilipia kwa mguu wake na bado alikuwa ananingoja. Nilichotakiwa kusema kilikuwa maneno mawili.

"Anakusalimu," nilisema.

Alikunja lile sweta, akashika gongo lake, akainuka.

"Haya. Kesho nitakwenda peke yangu. Usinisindikize."

Alikuwa ameshafika mlango wa kuingia ndani nilipomwita kwa jina. Aligeuka upesi, upesi kuliko mguu ulivyomruhusu, akashika fremu ya mlango asianguke, na uso wake wote ulikuwa wazi.

Nikamwambia chai ipo kwenye chupa.